Barua ya wazi kwa wasimamizi wa vita dhidi ya heroini: ghala la Afghanistan likikauka, mmejiandaaje?

KWA: Waheshimiwa mawaziri mnaohusika na sera za dawa za kulevya, wajumbe wa Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, na wakuu wa mamlaka za udhibiti

YAH: KUPUNGUA KWA HEROINI YA AFGHANISTAN NA MAANDALIZI YASIYOONEKANA

Waheshimiwa,

Salaam. Nawaandikia nikiwa mmoja wa watoa huduma wanaokaa dirishani kila asubuhi kuwapa waraibu wa heroini dozi yao ya methadoni, dawa ya tiba inayochukua nafasi ya heroini. Ninayoyasema hapa niliyasema kwanza kwa utaratibu unaotakiwa: kwa barua, kwa walio juu yangu, na katika vikao nilivyoitwa. Barua zikapokelewa, zikapigwa muhuri, zikaishia hapo. Ofisi moja ilinijibu kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Nyingine hazikujibu kabisa. Nimeamua kuliweka hadharani kwa sababu jambo hili lina muda wake, na muda wenyewe unakaribia kwisha.

Aprili 2022 utawala wa Taliban ulipiga marufuku kilimo cha mipopi, mmea ambao utomvu wake ni afyuni, malighafi ya heroini. Mwaka huo Afghanistan ilikuwa na hekta 233,000 za zao hilo na ilivuna takribani tani 6,200 za afyuni. Mwaka uliofuata zilibaki hekta 10,800 na tani 333. Anguko la namna hiyo lilikuwa limewahi kuonekana mara moja tu, mwaka 2001, na lilitokana na amri ya Taliban hao hao. Mwaka 2024 mavuno yalipanda kidogo hadi tani 433, kiasi ambacho bado hakikaribii hata kidogo mavuno ya zamani.

Kwa nini basi unga haujatoweka mitaani? Kwa sababu unatoka ghalani. UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, ilikadiria kwamba mwisho wa 2022 kulikuwa na akiba ya tani 13,200 ndani ya Afghanistan, na kwamba akiba hiyo ingeweza kutosheleza soko lake hadi 2027. Sehemu kubwa iko mikononi mwa wafanyabiashara wakubwa, wanaoitoa kidogo kidogo wakisubiri bei ipande. Dunia ilipewa miaka michache ya kujiandaa kabla soko la heroini halijabadilika sura. Malalamiko yangu yote yanatokana na namna miaka hiyo inavyotumika.

1. Kipimo mnachokitumia kinawapotosha

Taarifa za mwaka za mamlaka nyingi huanza na kilo zilizokamatwa, kisha idadi ya waliotiwa mbaroni, kisha picha ya vifurushi vilivyopangwa mezani. Kilo zikipanda, tunaambiwa ukamataji umeimarika. Kilo zikishuka, tunaambiwa biashara imedhibitiwa. Kipimo kinachowapa ushindi kwa majibu yote mawili hakipimi kitu. Mzigo mkubwa unaweza kuwa dalili ya kazi nzuri, na unaweza kuwa dalili kwamba njia ile sasa inapitisha mizigo mingi kuliko zamani. Bila kuangalia bei ya kete mtaani, ubora wa unga na idadi ya wanaokufa, hakuna awezaye kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Marekani peke yake ilitumia takribani dola bilioni 8.6 kupambana na dawa za kulevya nchini Afghanistan kati ya 2002 na 2017, kwa hesabu ya mkaguzi wake maalumu, SIGAR. Mwaka huo huo wa 2017 mashamba ya mipopi yalifikia hekta 328,000, rekodi ya juu kabisa. Novemba ya mwaka huo ndege za kivita zikaanza kulipua nyumba za udongo zilizotajwa kuwa maabara. Maabara ya aina hiyo ni mapipa, moto, chokaa ya kutenganisha mofini na afyuni, na anhidridi ya asetiki ya kuigeuza mofini kuwa heroini. Mwenye mapipa mengine hujenga nyingine. Ambacho hawezi kujichemshia nyuma ya nyumba ni hiyo anhidridi, inayotengenezwa viwandani na kuuzwa kwa matumizi halali kabla ya kuchepushwa. Kemikali bashirifu hiyo, yaani ya kutengenezea dawa za kulevya, imo katika jedwali la kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara ya dawa za kulevya. Natamani siku moja nisome taarifa inayoanza na lita zake badala ya kilo za unga.

Tarehe zenu nazo zimekuwa zikisogea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa dawa za kulevya wa 1961 ulitoa miaka 15 kukomesha matumizi ya afyuni ya nusu tiba, yaani kama dawa bila daktari. Mwaka 1998 mataifa yaliahidi kwamba ifikapo 2008 kilimo haramu cha mipopi kitakuwa kimekomeshwa au kupunguzwa sana. Mwaka 2009 tarehe ikasogezwa hadi 2019. Hiyo nayo ikapita, na hakuna aliyesimama mbele ya watu kueleza kwa nini.

2. Mkulima ameachwa peke yake na amri

Mapato ya wakulima wa Afghanistan kutokana na afyuni yalishuka kutoka takribani dola bilioni 1.36 mwaka 2022 hadi dola milioni 110 mwaka 2023. Wengi walipanda ngano. Hekta moja ya ngano iliingiza kiasi cha dola 770, wakati hekta ya mipopi ingeingiza kama dola 10,000. Kwa kaya nyingi afyuni ilikuwa pia benki: mkulima alichukua fedha kwa mfanyabiashara kabla ya kupanda, akalipa kwa utomvu wakati wa mavuno. Zao limeondoka, deni limebaki. Mei 2024, wakulima wa Badakhshan walipopinga kufyekewa mashamba, watu walipoteza maisha.

Sioni raha kusifu amri inayotekelezwa kwa njaa ya wakulima, na nadhani hata ninyi hamuamini kwamba itadumu hivyo. Kilo moja ya afyuni, ambayo kabla ya marufuku ilikuwa kama dola 100, ilifika dola 730 katika nusu ya kwanza ya 2024. Bei ya namna hiyo ni mwaliko kwa kila mwenye mteremko na mbegu. Myanmar imeshaitikia. Baada ya mapinduzi ya Februari 2021 kilimo kilianza kupanda, na mwaka 2023 nchi hiyo ilivuna kama tani 1,080, ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani.

Somo hili ni la zamani. Uturuki ilipopiga marufuku mipopi mwaka 1971, mashamba ya Mexico yaliziba pengo kwa soko la Marekani. Uturuki yenyewe ilirudi kwenye kilimo mwaka 1974, safari hii kwa leseni, ikiuza kwa viwanda vya dawa, na hadi leo ni miongoni mwa wasambazaji halali wa malighafi ya mofini. Thailand ilifika mahali pazuri, lakini ilianza na Mradi wa Kifalme mwaka 1969 na ikachukua miongo, kwa barabara, shule, kahawa na uraia kwa watu wa milimani, na ufyekaji haukutangulia kipato kingine.

3. Mnashangilia kuondoka kwa heroini bila kuuliza kinachoingia

Hili ndilo linaloninyima usingizi.

Heroini inahitaji ardhi, msimu wa mvua au umwagiliaji, mikono ya kuchanja vitumba alasiri na kukwangua utomvu asubuhi, na safari ya maelfu ya kilomita. Fentanili na nitazini, dawa za sanisi (za kutengenezwa maabara) zinazofanya kazi kama heroini, zinahitaji kemikali, mtu anayejua kuzichanganya, na bahasha. Kiasi kidogo sana, ambacho jicho halitakiona ndani ya kete, kinatosha kuua.

Estonia inajua. Heroini ilipoadimika huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, wauzaji walileta fentanili, na heroini haikurudi tena. Nchi yenye watu takribani milioni 1.3 ikawa kwa miaka mingi na kiwango cha juu kabisa cha vifo vya dawa za kulevya barani Ulaya, na mwaka 2012 pekee walikufa watu 170. Fentanili ilipobanwa, zikaja nitazini, familia ya dawa za maumivu iliyobuniwa miaka ya 1950 na ambayo haikuwahi kuruhusiwa kwa wagonjwa. Mwaka 2023 zilihusika katika karibu nusu ya vifo vya dawa za kulevya nchini humo. Marekani nako fentanili iliisukuma heroini pembeni, na kuanzia 2021 hadi 2023 zaidi ya watu 100,000 walikufa kila mwaka kwa kuzidisha dozi, wengi wao kwa dawa za sanisi.

Asiambiwe mtu kwamba haya ni ya nchi hizo mbili tu. Mwishoni mwa 2023 makumi ya watu walianguka Dublin na Cork, nchini Ireland, baada ya kutumia unga waliouziwa kama heroini kumbe una nitazini. Aprili 2024 Rais wa Sierra Leone alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya kush, dawa ya kulevya ya mchanganyiko inayovutwa, na vipimo vilivyofanywa baadaye vilikuta nitazini ndani yake.

Anayetumia heroini hachagui kuhamia nitazini. Anauziwa kete ile ile, kwa jina lile lile, na mtu yule yule. Wa kwanza kugundua kwamba mzigo umebadilika huwa ni yule anayeanguka, na wa pili ni mwenzake aliye karibu. Mwenzake huyo akiwa na naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidisha dozi, kuna nafasi, ingawa kwa nitazini dozi moja huenda isitoshe. Asipokuwa nayo, anabaki kumpiga makofi ya shavu na kummwagia maji mpaka pumzi inakatika.

4. Baharini mnakamata mzigo na kumwachia mwenye chombo

Heroini ya Afghanistan ina njia tatu kubwa. Ya Balkani inapita Iran na Uturuki kwenda Ulaya. Ya kaskazini inapita Asia ya Kati kwenda Urusi. Ya kusini inaanzia pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, na kuvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi hadi Afrika Mashariki na kusini zaidi. Katika hii ya tatu kuna jambo ambalo wananchi wengi hawalijui.

Manowari ya muungano wa kimataifa inaliona jahazi lisilo na bendera. Kifungu cha 110 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari kinaruhusu kulipanda na kulikagua. Mabaharia wa kijeshi wanapekua chini ya nyavu, ndani ya matangi, nyuma ya mbao zilizopigiliwa upya. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikuta kilo 1,032 za heroini zilizofichwa katikati ya mifuko ya saruji. Heroini inayokamatwa hivyo huteketezwa, picha zikapigwa. Nahodha na watu wake, mara nyingi, huachiwa waendelee na safari, kwa kuwa nchi nyingi hazijajipa mamlaka ya kuwashtaki wala hazina mahakama iliyokubali kuwapokea. Simu za chomboni, namba zilizopigwa, jina la aliyelipia mafuta, vyote huondoka nao.

Kwa maharamia mataifa yalipata dawa. Kenya na Ushelisheli zilikubali kuwashtaki, ushahidi ukakusanywa kwa utaratibu unaokubalika mahakamani, na watu wakafungwa. Kwa heroini utaratibu wa aina hiyo haujawahi kuwekwa kwa uzito ule.

5. Vidagaa gerezani, mapapa benki

Mwaka 2011 UNODC ilikadiria kwamba chini ya asilimia 1 ya fedha za uhalifu zinazopita katika mifumo ya fedha duniani, pengine asilimia 0.2, ndizo zinazokamatwa. Mwaka 2012 benki ya HSBC ilikubali kuilipa Marekani dola bilioni 1.9 baada ya kukiri mapungufu yaliyoruhusu, pamoja na mengine, fedha za magenge ya dawa za kulevya ya Mexico kupita kwake. Hakuna ofisa wa benki hiyo aliyefungwa kwa hilo.

Nchini Singapore, kusafirisha zaidi ya gramu 15 za heroini halisi kunaweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Duniani kote, zaidi ya watu 600 walinyongwa au kuuawa kisheria kwa makosa ya dawa za kulevya mwaka 2024 kwa hesabu ya Harm Reduction International, wengi wao Iran. Sijaona mahali ambapo kati ya hao alitajwa mwenye ghala. Mapapa wanashikika pale inapoamuliwa. Ndugu wawili wa familia ya Akasha, wafanyabiashara wa dawa za kulevya wa Mombasa, walipelekwa Marekani kutoka Kenya Januari 2017, wakakiri makosa yao, yakiwemo ya kuwahonga maofisa, na wakahukumiwa miaka 25 na miaka 23. Nyumbani kesi yao ilikuwa ikizungushwa kwa zaidi ya miaka miwili.

6. Askari mlangoni pa kliniki

Hapa nazungumzia ninachokiona kwa macho yangu. Mgonjwa wa methadoni lazima afike kila siku, kwa hiyo kila anayetaka kumkamata anajua atampata wapi na saa ngapi. Nimeshuhudia wagonjwa wakipekuliwa hatua chache kutoka dirishani, na bomba la sindano safi tulilowapa sisi wenyewe likageuzwa kuwa kidhibiti.

Mgonjwa mmoja alichukuliwa hivyo akiwa hajameza dozi yake. Mahabusu hakukuwa na methadoni. Tulipomfikia arosto, mateso ya mwili uliokosa dawa, ilikuwa imeshampata: anapiga miayo mfululizo, machozi na kamasi vinamtoka, ngozi imesimama vinyweleo, amejikunja akishika tumbo, na nguo zimechafuka kwa kuhara. Aliyekuwa zamu alituambia anaigiza. Alipoachiwa baadaye, mwili wake ulikuwa umeshasahau dozi ya zamani. Kila anayefanya kazi hii anajua kwamba wiki mbili za kwanza baada ya kutoka kifungoni ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu mtu hurudi kwenye kipimo alichokizoea, na mwili hauwezi tena kukibeba. Hakurudi dirishani kwetu.

Kukamatwa kwake kuliingia katika takwimu za mafanikio. Kifo chake hakina safu katika fomu zenu.

Najua majibu mtakayotoa, kwa kuwa mengine nimeshapewa.

Mtasema kumpa mraibu dawa na sindano ni kuhalalisha unga. Methadoni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Ureno iliacha kumfunga mtu kwa kiasi cha matumizi binafsi mwaka 2001, ikaendelea kuwafunga wauzaji, maambukizi mapya ya VVU kwa wanaojidunga yakashuka sana, na vifo vikabaki miongoni mwa vya chini Ulaya Magharibi. Uswisi ilianza mwaka 1994 kuwapa heroini ya hospitali waraibu walioshindikana kwa tiba nyingine, na mwaka 2008 wananchi wenyewe waliipigia kura ya ndiyo kwa asilimia 68.

Mtasema mikataba haiwaruhusu. Mikataba ya 1961 na 1988 inaruhusu waziwazi tiba na huduma badala ya adhabu kwa anayetumia. Na Machi 2024, hapo Vienna, Kamisheni ilipitisha kwa kura azimio lililotaja upunguzaji wa madhara, yaani huduma kama sindano safi na naloksoni kwa wanaotumia, kwa mara ya kwanza. Mlango mmeufungua wenyewe.

Mtasema fedha hazitoshi. Hili nalichukulia kwa uzito, maana najua tunavyogawana chupa za naloksoni. Lakini mwaka 2023 ni mtu mmoja tu kati ya 12 wenye matatizo ya matumizi ya dawa za kulevya aliyepata matibabu ya aina yoyote, wakati ndege, manowari na magereza havijawahi kukosa bajeti. Ufinyu wa fedha ungekuwa hoja kama ungegusa pande zote mbili.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe moja moja:

(a) Kuanzia taarifa ijayo, kila mamlaka ichapishe pamoja na kilo: idadi ya vifo vya kuzidisha dozi, idadi ya wanaosubiri tiba, bei na ubora wa unga mtaani, na kiasi cha kemikali bashirifu kilichozuiwa.

(b) Naloksoni itolewe kwa waraibu, familia zao, vituo vya polisi na magereza kabla ya 2027, na si hospitali peke yake. Huduma za kupima unga na mifumo ya kutoa tahadhari nitazini inapoonekana zifunguliwe sasa, wakati bado ni nadra sehemu nyingi.

(c) Polisi wapewe amri ya maandishi ya kutokamata, kupekua wala kuvizia wagonjwa katika eneo la kliniki za methadoni na vituo vya sindano, na methadoni iendelee kutolewa mahabusu na gerezani.

(d) Nchi zinazotuma manowari na nchi za pwani ya Bahari ya Hindi zikubaliane juu ya kuwashtaki mabaharia wanaokamatwa na heroini, na juu ya kuhifadhi simu na nyaraka za chombo kwa ajili ya kuwafikia wanaowalipa.

(e) Fedha za kilimo mbadala zifike Afghanistan na Myanmar kwa wakulima wenyewe, kupitia mashirika yaliyoko vijijini, bila kusubiri serikali zao zitambuliwe.

(f) Mali za wafadhili wa biashara hii zifuatwe hadi benki, na maofisa wanaofumbia macho washtakiwe kwa majina yao, mbali na faini ya taasisi.

Nawaheshimu, na ninajua miongoni mwenu wamo wanaoyapigania haya haya ndani ya vikao vilivyofungwa. Nimeacha milango ya ofisi kwa kuwa ilinyamaza. Naomba jibu litolewe hadharani, kwa maandishi, kabla ya tarehe 26 Juni, siku ambayo kila mwaka mnasimama majukwaani kuzungumzia dawa za kulevya. Safari hii mkisimama, tuambieni naloksoni imefika wapi na askari wameondoka kwenye milango ya kliniki zipi.

Wasalaam,

Mtoa huduma wa tiba ya methadoni